Kwaya ikiimba kavu inanoga, kinanda kikiingia inaharibika. Nani yuko nje, sisi au kinanda?

#1 Besi_ya_Kirumba

Wakuu habari za jioni. Niende kwenye mada.

Niko kwaya moja hapa Mwanza, naimba sauti ya nne, mwaka wa tisa huu. Alhamisi na Jumamosi tunafanya mazoezi kavu, bila chombo chochote, maana kinanda kinafungiwa stoo na ufunguo anao mtu anayeishi Buhongwa. Tukiimba hivyo kuna mahali sauti nne zinakutana hadi unasikia kama kuna mtu wa tano anaimba juu yetu. Ukumbi unavuma wenyewe. Jumapili kinanda kinaingia, wimbo uleule, watu walewale, na ule mvumo haupo.

Si hilo tu. Kuna wimbo mmoja tunaimba kavu beti nne, kinanda kinaingia ubeti wa tano. Kila mara kikiingia ni aibu. Chenyewe kiko juu, sisi tuko chini. Watu wa viti vya mbele wanainua vichwa.

Mpiga kinanda anasema tunashuka. Mwalimu wetu, mzee wa solfa (zile do, re, mi), anasema kinanda ndicho kimetengenezwa kwa uongo, kwamba mi ya kinanda si mi. Wamenuniana wiki ya tatu sasa. Nani yuko sahihi? Na kama mi ya kinanda ni ya uongo, mbona dunia nzima inaitumia?

#2 SitiYaMbele

Nimeweka kiti. Ngoja waje.

#3 DagaaMkavu

Alhamisi mnaimba mmeshiba, Jumapili mnaimba mnawaza chakula kilichobaki jikoni. Uzi ufungwe.

#4 MpigaVinanda

Besi, mimi ni mpiga kinanda, niwatetee wenzangu kidogo. Kinanda cha umeme hakichoki, hakipati mafua, hakigombani na mke. La ya katikati ni mitetemo 440 kwa sekunde leo, kesho na siku ya kiama. Mkikutana nacho ubeti wa tano mkakuta kiko juu, aliyehama ni nani? Mwambie mzee wako amuombe kijana radhi.

#5 HesabuZaUsiku

Wote wawili wana haki, ila kila mmoja anajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza.

Sauti mbili zinakaa vizuri sikioni pale mitetemo yake inapokuwa na uwiano wa namba ndogondogo. Oktavu, yaani do hadi do ya juu yake, ni 2 kwa 1. Do na so ni 3 kwa 2. Do na mi ni 5 kwa 4. Tuseme do yenu ina mitetemo 400: mi tamu itakuwa 500 na so 600. Watu wanne wakiimba bila chombo, masikio yanawasogeza kuelekea huko bila wao kujua. Huyo mtu wa tano uliyemsikia, Besi, si malaika. Mitetemo ya juu ya sauti zenu inaangukia mahali pamoja na kujazana nguvu.

Kinanda hakifanyi hivyo. Kinachukua oktavu, kinaikata vipande 12 vinavyolingana, kila noti ni ile ya nyuma yake mara 1.05946. Kwa do ya 400, so inatua 599.3, hapo hakuna ugomvi. Mi inatua karibu 504 badala ya 500. Mwingereza Alexander Ellis mwaka 1885 alitupa kipimo cha senti: nusu sauti ya kinanda ni senti 100, oktavu nzima 1200. Kwa kipimo hicho so ya kinanda iko chini senti 2 tu, lakini mi iko juu karibu senti 14. Mzee wenu hajakosea.

#6 DagaaMkavu

Senti 14! Wiki tatu watu wazima hawasalimiani kwa hela ambayo hata pipi hununui.

#7 BintiUkerewe

Dagaa nyamaza kidogo tujifunze 😂

Hesabu, asante. Sasa hizi tuziite nini kwa Kiswahili, maana hapo juu umezieleza bila jina? Mimi napendekeza ya kwanza iitwe tyuni ya uwiano, ya pili tyuni ya ngazi sawa. Nilisikia mtu anasema "tyuni ya asili" nikaona anampendelea mmoja kabla kesi haijasikilizwa.

#8 FundiNyuzi

Binti, majina yako nayachukua.

Natengeneza magitaa Igoma mwaka wa 14 huu, na wateja wakorofi kuliko wote ni wenye masikio mazuri. Anakuja kijana, anashika kodi ya E (kodi za gitaa, noti zinazopigwa pamoja, TRA mtulie), anazungusha uzi wa tatu polepole hadi kodi inatulia kama mafuta kwenye sufuria. Anatabasamu. Halafu anashika C. Uso unakunjamana. "Fundi, gitaa hili lina kasoro."

Halina. Kwenye E ule uzi wa tatu unabonyezwa freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vya shingoni), na hapo ndiyo mi ya ile kodi. Yeye kaishusha mpaka ikawa ya uwiano. Kwenye C uzi uleule unapigwa wazi, sasa ni so, na so haikuomba kushushwa. Umeinunua E kwa kuiuza C.

Freti zenyewe ni ngazi sawa. Unachukua urefu wa uzi unagawa kwa 17.817, hapo ndipo freti ya kwanza. Kinachobaki unagawa tena kwa namba hiyohiyo, unaenda hivyo hivyo. Uzi wa milimita 650, freti ya kwanza inakaa milimita 36.5 na ya 12 inaangukia katikati kabisa, 325. Baba yake yule Galileo wa nyota, Vincenzo Galilei, mwaka 1581 aliandika kugawa kwa 18. Nilijaribu kwenye ubao mmoja wa mninga: freti ya 12 inakosa katikati kwa milimita 2 na kitu. Ule ubao sasa ni kigoda.

#9 MpigaVinanda

Sawa, namba nimeziona. Lakini senti 14 nani anazisikia? Sikio la mtu wa kawaida haliko hivyo. Mnakuza mambo.

#10 HesabuZaUsiku

Usiniamini mimi. Kaa kwenye kinanda chako, chagua sauti ya ogani, ile iliyonyooka isiyo na mtikisiko wowote, zima mwangwi. Bonyeza C ya katikati (ndiyo do) na G (so) ushikilie. Utasikia kitu kinapumua polepole, karibu mara moja kwa sekunde. Sasa C na E (mi). Ile pumzi inakuwa mtetemeko wa haraka, mara kumi hivi kwa sekunde. Huo ndio ugomvi wa senti 14. Mi ikiwa ya uwiano, mtetemeko unakata, kimya.

#11 BintiUkerewe

Nimejaribu kwenye kile kinanda kidogo cha mwanangu. Mara ya kwanza sikusikia kitu nikamwona Hesabu mzushi. Nikasogeza sikio kwenye spika, nikashika C na E nikahesabu moja, mbili, tatu... Jamani ipo. Ni kama injini ya mtumbwi wa wavuvi ukiwa mbali, ile tutututu. Sasa tatizo siwezi kuacha kuisikia. Nimeisikia kwenye tangazo la redio, nimeisikia kwenye mlio wa simu ya shemeji. Hesabu umeniharibia maisha.

#12 Mtetemo432

Mnapoteza muda na senti. Shida ni 440. Tyuni ya asili ya dunia ni 432, hii 440 ililetwa na Wanazi ili kuwavuruga watu akili. Rudisheni vinanda 432 muone.

#13 FundiNyuzi

Mkuu wa 432, kwa heshima zote: Mjerumani mmoja, Johann Scheibler, alipendekeza 440 huko Stuttgart mwaka 1834, Hitler hata baba yake alikuwa bado hajazaliwa. Mwaka 1939 nchi kadhaa zilikutana London zikakubaliana, na mwaka 1955 shirika la viwango la kimataifa likaiandika rasmi. Siri gani hapo?

Na haigusi swali la Besi hata kidogo. Ukiichukua ngazi ya bati ukaishusha kutoka Capri Point kwenye mwinuko ukaiweka Mwaloni pale chini, umbali kati ya kidato na kidato haubadiliki. Mi itakuwa juu senti 14 hukohuko 432.

#14 Mtetemo432

Endeleeni kulala.

#15 SitiYaMbele

Nauliza swali la kijinga. Kama uwiano ni mtamu, si wangetengeneza kinanda cha uwiano tu? Au ndiyo yule mtunzi Bach alikuja akagundua hizi ngazi sawa akaharibu? Nilisikia darasani hivyo.

#16 HesabuZaUsiku

Si la kijinga, ndilo swali lenyewe.

Panda kwa so safi mara 12 mfululizo: C, G, D, A, E, zunguka hivyo hadi urudi C. Hesabu inatoa 129.75. Panda kwa oktavu mara 7, ufike C hiyohiyo: 128. Hazikutani. Zinapishana senti 23 na nusu. Ni kama kujenga msonge kwa matofali yanayolingana, umezunguka vizuri, tofali la mwisho linakataa kukaa. Mi safi nazo zina lao: ukipanda mi juu ya mi juu ya mi, oktavu inapungua senti 41. Hakuna kiwanda kitakachorekebisha hilo, ni namba zenyewe. Lazima uchague ufe na kasoro ipi na uifiche wapi.

Kuhusu Bach: mkusanyo wake wa mwaka 1722 unapita funguo zote 24 na unasema kinanda kiwe kimetyuniwa *vizuri*. Hausemi *sawasawa*. Siku hizo kulikuwa na namna nyingi za kuisambaza ile kasoro, kila ufunguo unabaki na ladha yake. Hesabu ya kugawa oktavu vipande 12 sawa aliikamilisha mtoto wa ukoo wa kifalme wa China, Zhu Zaiyu, mwaka 1584. Bach alikuwa bado miaka 101 azaliwe.

#17 DagaaMkavu

Hata tyuni ni ya Mchina 🙌

#18 MpigaVinanda

Niungame sasa, maana nilikuja kwa mbwembwe #4 na #9.

Kinanda changu kina sehemu ya kubadili tyuni ya noti moja moja. Jana usiku nikafuata hesabu ya uwiano kwa C: E nikashusha 14, A nikashusha 16, B 12, D nikapandisha 4, G nikapandisha 2, F nikashusha 2, F# nikashusha 10. Nikashika C. Aisee. Nilikaa dakika nzima na kodi moja kama mtu aliyeona picha ya marehemu. Ni kama kinanda kimeoshwa. F tamu, G tamu. Nikasema Jumapili watanikoma.

Jumapili ikafika. Wimbo wa kuingilia C, watu wakatulia kweli, mama mmoja kanitazama. Wimbo wa sadaka, mwimbishaji akanikonyeza: "panda D." Nimekwisha sahau mambo ya tyuni. Nikashika D. Wakuu, ile D na A si so tena, inakosa senti 21 na nusu, inalia kama kitu kimebanwa mlango. Nimesoma kuwa Wazungu kodi za aina hiyo waliziita mbwa mwitu. Sisi huku hatuna mbwa mwitu, ile ni fisi. Fisi kaingia kanisani katikati ya sadaka. Nikarudisha ngazi sawa huku naimba.

Kwa hiyo sasa najua kwa nini dunia nzima inaitumia. Kwenye ngazi sawa hakuna kitamu sana, lakini fisi hayupo popote.

#19 BintiUkerewe

😂😂😂 "Fisi kaingia kanisani katikati ya sadaka." Nimecheka hadi abiria wa kivuko wamenitazama.

#20 Mwl_Solfa

Salamu kwenu. Kijana mmoja wa kwaya amenionyesha huu uzi, nadhani anayezungumzwa mwanzoni ni mimi.

Solfa mnayoidharau aliikuza mchungaji wa Kiingereza, John Curwen, akiichukua kwa mwalimu mmoja wa kike wa Norwich, Sarah Glover. Hawakuifunga kwenye kinanda. Do ni popote mnapoanzia, na noti nyingine zinasimama kwa kumtazama do. Miaka ya 1860 Helmholtz, mwanasayansi wa Kijerumani, aliwasikiliza watoto wa solfa London akawasifu kwa usafi wa sauti zao, na kitabu chake kikubwa kinalaumu ngazi sawa waziwazi. Hao watoto hawakufundishwa kwa kinanda.

Tena Curwen alijua kuna re mbili. Re inayokaa na so si ile inayokaa na la. Ya pili iko chini kidogo, aliipa hadi jina la peke yake. Nimewafundisha Besi na wenzake hivyo kwa kuwaimbisha, bila namba. Kijana wa kinanda namheshimu. Lakini kinanda kina re moja.

#21 Besi_ya_Kirumba

Shikamoo mwalimu. Sikutaja jina 🙏

#22 Mwl_Solfa

Marahaba. Alhamisi uwahi.

#23 HesabuZaUsiku

Shikamoo mwalimu. Umenipa kitu. Hizo re mbili ndizo zinaweza kuwa zinawashusha.

Besi, naomba uniambie: huo wimbo wa beti nne, kuna mahali kodi zinakwenda do, la, re, so, do? Kama zipo, angalia. Do 400. La ya uwiano 666.7. Sasa re inayokaa safi chini ya hiyo la ni 444.4, si 450. So juu ya re hiyo 592.6. Rudi do: 395.1. Kila mtu kaimba safi, hakuna aliyekosea hata kidogo, na mmeshuka senti 21 na nusu. Kila ubeti mara moja, beti nne, senti 86. Karibu nusu sauti nzima. Maana yake hamshuki kwa uzembe. Mnashuka kwa sababu mnaimba vizuri.

#24 MpigaVinanda

Hiyo sentensi ya mwisho kila kwaya Mwanza itaichapa kwenye fulana.

#25 Besi_ya_Kirumba

Mrejesho wa Alhamisi. Nilikwenda na tyuna ya simu. Wimbo ule kweli una hiyo njia, mara moja kila ubeti, mwisho wa mstari wa tatu. Tulianza G barabara, mwalimu alitoa sauti kwa uma wake wa chuma. Mwisho wa ubeti wa nne nikaomba wote washike do. Tyuna ikasoma F# na senti 10 juu. Yaani tumeshuka 90.

Sikulala.

#26 HesabuZaUsiku

86 kwa makadirio, 90 kwa kipimo. Naomba kahawa.

#27 BintiUkerewe

Usinywe bado. Niliposoma hayo na mimi nikapima, kwaya yetu ya akina mama, Nansio. Tulichukua wimbo wa kodi tatu tu, do, fa, do, so, do. Kwa hesabu yako hapo hakuna cha re mbili, tunatakiwa tubaki palepale. Beti nne. Tumeshuka senti 60.

Mimi naijua sababu na haina uhusiano na Mchina wala Mjerumani. Ni saa kumi na mbili jioni, wawili wana watoto mgongoni, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu, na ubeti wa tatu una "aa" ndefu ya kushuka ambayo kila mtu anaiachia kama anaweka mzigo chini. Nikawaambia wasimame, wacheke, waimbe tena. Tumeshuka 25.

#28 HesabuZaUsiku

Inawezekana zote mbili zipo. Kwenye wimbo wa Besi...

#29 BintiUkerewe

Kwenye wimbo wa Besi, kama re mbili zinashusha 86 na uchovu unashusha 60, mbona hawakushuka 146?

#30 DagaaMkavu

Kahawa imerudishwa kwenye chupa.

#31 Tarumbeta_Mabatini

Nyote mmesahau joto. Sisi wa matarumbeta tunaijua hii kwa uchungu. Asubuhi tunashuka kwenye gari chombo cha baridi, tunakubaliana na kinanda vizuri. Saa saba jua la Mwanza likishapiga, hewa ndani ya bomba imepata moto, sauti inasafiri haraka zaidi, chombo kinapanda. Ni kama senti 3 kwa kila nyuzi moja ya joto. Nyuzi kumi, senti 30. Gitaa nalo linafanya kinyume, nyuzi za chuma zikipata moto zinalegea, zinashuka. Kinanda kimekaa katikati kama mgeni rasmi. Mnagombania senti 14 wakati bwana harusi anaingia ukumbini tukiwa tumepishana 40.

#32 BintiUkerewe

Koo la binadamu si bomba la shaba kaka.

#33 Tarumbeta_Mabatini

Nimejibu kwa upande wa matarumbeta dada.

#34 MgogoMjini

Naishi Nyegezi ila ni mtu wa Dodoma, naona nyumbani hatujatajwa. Sisi hatukungoja Curwen. Gusa uzi mmoja kwa kidole bila kuukandamiza, nusu yake, theluthi, robo, sehemu ya tano: noti zinazotoka ndizo tunazoimba. Namba 4, 5, 6, 7, 8, 9. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, aliwasikilizisha dunia hizo sauti kwa ilimba yake, ile marimba ya vidole. Hiyo 7 hakuna kinanda kinayo, noti iliyo karibu nayo iko juu senti 31. Wapiga vinanda wakijaribu kutufuata pale, sisi tunasikia kama mtu anayeongea Kigogo cha kwenye kamusi. Uwiano ndio asili ya mtu mweusi, ngazi sawa ni mambo ya kiwandani.

#35 NjiaYaEntebbe

Mgogo, hapo mwisho umeteleza. Mimi nafanya biashara ya kuvuka ziwa, na Kampala nilishapita chumba cha vyombo vya muziki kwenye Makumbusho ya Uganda. Amadinda ya Waganda, marimba ya mbao, ina noti tano kwenye oktavu, na watafiti waliozipima, akina Wachsmann na baadaye Kubik, walikuta hatua zake zinakaribia kulingana, kama senti 240 kila moja. 240 mara 5 ni 1200. Hiyo ni ngazi sawa, ila ya vidato vitano, na hakukuwa na kiwanda. So yao inaangukia 720, ile 3 kwa 2 ya Hesabu hawana habari nayo. Ziwa ni moja, watu wa ng'ambo hii na ile, masikio mawili.

Wapo wanaobisha kwamba vipimo vinatofautiana chombo kwa chombo, hilo nalo niliseme.

#36 MgogoMjini

Kidogo nirekebishe: asili ya Mgogo.

#37 Mwana_Kisesa

Mwangaluka. Nimezaliwa karibu na Bujora, ngoma nimezisikia kabla sijajua kusoma. Pale kabla ya Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, ngoma zinakokwa moto, ngozi inavuta, mpigaji anagonga, anasikiliza, anairudisha tena kwenye moto. Hana uma wa chuma. Anaitafuta sauti ambayo ngoma *ile* inaitaka siku *ile*, maana upepo wa ziwa ukija jioni ngozi inalegea anaanza upya. Bagika na Bagalu, makundi yetu mawili ya ngoma, wameshindana miaka yote na mshindi ni aliyevuta watu wengi upande wake. Hakuna aliyepima senti.

Nasema hivi kwa sababu Besi aliuliza nani yuko nje. Nje ya nini?

#38 SitiYaMbele

Hapo sasa.

#39 MpigaVinanda

Nje ya kinanda, mkuu. Kwa sababu ndicho chenye spika kubwa.

#40 FundiNyuzi

Na mkumbuke kizazi. Tangu mwaka 1997 kuna ile programu ya kunyoosha sauti studio, kila noti ya mwimbaji inavutwa ikae kwenye mstari wa kinanda. Mwanangu wa miaka 16 hajawahi kusikia mi nyingine kwenye simu yake. Nilimpigia mi ya uwiano juu ya uzi, nikamuuliza ipi tamu. Akasema ile ya kwanza, ya ngazi sawa. "Hii ya pili imelala, baba." Nimemwita mara tatu siku tofauti, jibu moja.

#41 Mwl_Solfa

Mlete mazoezini.

#42 BintiUkerewe

Hilo la Fundi linanisumbua kuliko yote. Kama tamu ni mazoea, basi hata ile #11 yangu...

#43 HesabuZaUsiku

Mtetemeko ule uliousikia si mazoea, upo hewani, ungeweza kuupima. Kuuchukia ndiyo pengine mazoea.

#44 Besi_ya_Kirumba

Mrejesho wa Jumapili, na samahani kwa kuchelewa.

Mwalimu na mpiga kinanda walikaa mezani, chai na mihogo, mimi shahidi. Hakuna aliyekubali kosa. Ila kijana akasema: kama mnashuka 90 kila mara, basi beti zenu nne zikikaribia kwisha mimi nitashusha kinanda nusu sauti nzima kisha nitakipandisha senti 10, tukutane hukohuko chini. Mwalimu akacheka, mara ya kwanza mwezi huu. Jumamosi tukajaribu, ufunguo ukaja kutoka Buhongwa, kinanda kikaingia ubeti wa tano kama maji kwenye mtungi. Mama mmoja wa sauti ya pili alilia.

Jumapili tumeimba. Kwa vile ukumbi ulijaa na mgeni alikuwepo, watu walisimama wima, wakajaza vifua. Hatukushuka 90. Tulishuka kama 30 hivi. Kinanda kikaingia chini yetu.

#45 DagaaMkavu

Nimeanguka kitandani.

#46 MpigaVinanda

Pole kwa mwenzangu. Aliirudisha lakini? Maana hapo ndipo watu husahau.

#47 Besi_ya_Kirumba

Ndiyo nilikuwa nafika huko. Alisahau. Wimbo uliofuata una gitaa. Mpiga gitaa kasikia haviendani, akadhani ni yeye, akatyuni upya nyuzi zote sita huku mahubiri yanaanza. Kabla ya wimbo wa mwisho kijana akakumbuka, akarudisha kinanda juu. Mpiga gitaa naye akaanza kukaza kwa haraka, uzi wa kwanza ukakatika, pah, hadi mgeni kageuka.

FundiNyuzi, anauliza kama Alhamisi uko Igoma mchana, na kama nyuzi unauza moja moja au mpaka seti.

#48 FundiNyuzi

Nipo hadi saa kumi na moja. Moja moja nauza. Mwambie aje nalo, nilitazame na lile daraja, na asiguse E.